Maneno Niliyomwambia Pili Ayafute

Usiku wa jana niliota, na kwa kuwa leo nyumba iko kimya na cherehani imepumzika, naiandika ndoto yote kwa wino kabla haijanitoka. Mimi si msomi. Darasa la saba nilimalizia Sikonge, tena kwa kusukumwa. Lakini mahali fulani yuko mzazi mwenzangu ambaye ana kitu alichokifuta, kisha akalala usingizi mnono, na huyo ndiye ninayemwandikia. Amka, dada. Hakijafutika.

Kwanza nieleze nililala na nini kichwani.

Binti yangu Zamda anaolewa Ijumaa hii baada ya swala, hapa hapa Tabora. Ana miaka ishirini na moja, anasomea mambo ya kompyuta chuoni. Mchumba wake Idrisa ni kijana wa watu, sina neno naye. Neno ninalo mimi. Zamda sikumzaa.

Alimzaa Chausiku, shoga yangu wa kibaraza kimoja, mimi na cherehani yangu, yeye na yake. Alifariki mtoto akiwa na siku tisa. Mume wake, Sufiani Katambo, fundi seremala, alinikabidhi mtoto amefungwa kwenye kitenge, akapanda treni ya Mpanda, na huko Mpanda yupo mpaka leo. Namba yake ninayo kwenye simu. Nimeiandika "Fundi Makabati" ili asiulize mtu. Mimi na marehemu mume wangu Mrisho hatukujaliwa kupata wa kwetu. Tukahama mtaa, kisha tukahama na mji, na tulipofika Tabora mtoto alikuwa Zamda Mrisho. Kila mwaka nilisema nitamwambia mwakani.

Uongo huu haukuwa na meno mpaka ilipokuja nikaha. Binti anaozeshwa na walii wake, na walii ni baba yake wa damu akiwa hai. Aliyeshona kanzu mpya ili awe walii ni shemeji yangu Maulidi, kaka wa Mrisho, ambaye hajui lolote na hana damu hata tone na mtoto huyu. Hukumu ya nikaha ya namna hiyo unaijua. Mwanangu ataingia nyumbani kwa Idrisa akidhani ni mke, naye si mke, na mimi ndiye niliyemsindikiza kwa vigelegele.

Nilijaribu kusema. Wallahi nilijaribu. Wiki mbili zilizopita wakweze Zamda walitaka majibu ya posa yawe ya kupigwa chapa. Nikaenda steshenari kwa Pili, mwenye kompyuta ile ya zamani yenye kisogo. Mimi nasema, yeye anaandika. Tulipofika kwenye jina la binti nikausikia mdomo wangu unasema: "Zamda ni binti wa Sufiani Katambo wa Mpanda, na huyo ndiye walii wake." Pili akaandika, hata macho hakuinua.

"Dada Pili, hilo futa."

"Lote?"

"Lote. Weka binti wa marehemu Mrisho."

Akabonyeza. Maneno yakaliwa kutoka mkiani kwenda kichwani, nikayaona kwa macho yangu yanakwisha. Barua ikatoka, ikaenda kwa mshenga. Faili lake Pili akanitilia kwenye flashi, eti nikitaka kurekebisha nisisumbuke. Nikaizika kwenye kopo la bobini, chini kabisa, juu yake bobini ya uzi mweupe.

Sasa jana alasiri Zamda akaniita. "Mama, njoo uone zoezi letu." Alikuwa na kompyuta yake ndogo mapajani, kioo cheusi tititi, hakina picha wala cha kubonyeza. Akaandika herufi tatu, xxd, halafu jina la kadi yake mwenyewe ya harusi, ile ya maua. Pakamwagika namba kama mchele uliopasukiwa gunia.

"Ndiyo kadi hiyo?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Hii ni kadi ikiwa haijavaa nguo."

"Astaghfirullahi! Mfunike basi!"

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akanionyesha: kushoto ni anwani ya kila mstari, katikati ni namba mbili mbili, kumi na sita kwa mstari, na kulia ni herufi zinazosomeka. Kisichosomeka kinawekewa nukta. Wanahesabu mpaka tisa, na badala ya kumi wanasema a.

"Na mashine inajuaje kwamba hii ni kadi?"

"Inatazama kichwa. Jina la nje si kitu, mama. Unaweza kuliita faili kadi, ukaliita na samaki. Kichwa chake ndani ndicho kinachosema ni nini."

Nilikuwa napinda vazi lake la nikaha. Nikauliza kama mtu anayeuliza saa: "Na mtu akifuta maneno?"

Akainua macho kwenye kioo. "Kompyuta mpya, yanaondoka. Zile za zamani mara nyingine hazifuti. Zinaweka alama tu kwamba hapa pasisomwe. Maneno yenyewe yamekaa pale pale."

Sindano ikanichoma kidole.

"Mwalimu anataka tufungue faili la mtu mwingine," akasema. "Ile barua yako ya majibu, nikikuomba utanipa?"

"Kesho," nikasema.

"Haya mama. Kesho." Akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa.

Nililala na hilo.

Basi, naota nashona. Vazi ni lile lile jeupe, ila sindano ikipita inaacha namba badala ya uzi. Naiinua nguo kwenye mwanga. 20 20 20 20, pindo zima.

"Hizo ni nafasi tupu," cherehani inasema. "Umeshona nafasi tangu asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uzi ulikwisha juzi."

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ina umri mkubwa kuliko Zamda, na haijawahi kunijibu ovyo. Nikaona nisibishane nayo mbele ya vazi la harusi.

Mlango unabishwa mara tatu. Anaingia mtu mrefu, miguu mitupu. Macho yake mawili yamepigwa alama ya kosa, ile ile aliyokuwa akinipigia mwalimu wa hesabu, X na X. Mgongo umenyooka kama rula, tumbo limetoka mbele, D kabisa. Shingoni amening'iniza futi ya kitambaa kama fundi yeyote. Kwa ajili ya ile futi nikamheshimu.

"Karibu, bwana."

"Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na kidole." Anatazama chumba chote bila kutazama kitu. "Mzima, au kichwa tu?"

Nikapiga hesabu yangu. Kichwa ni kidogo, hakiwezi kuwa na mengi. "Kichwa tu," nikasema.

Ananishika mashavu kwa adabu, ananitoa kichwa, anakiweka juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na kopo la bobini. Damu hakuna. Mwili wangu unaendelea kukanyaga. Kilichonisumbua ni kwamba kilemba kilikuwa kimelegea, na sikuwa na mikono karibu ya kukifunga.

"Jina la nje," anasoma, "MAMA."

"Ndiyo mimi."

"Sasa ndani." Anaweka futi kwenye paji la uso wangu. "4d."

"Hiyo ni nini, bwana?"

"M."

Nikashusha pumzi. Mama inaanza na M, hata mtoto wa chekechea anajua.

"4c, L. 45, E. 5a, Z. 49, I." Anaandika. "Nje ni mama. Kichwa kinasema mlezi."

"Na mlezi si ndiye mama?"

"Sijui. Mimi sisemi, nasoma."

"Basi andika mama. Nani atajua humu ndani, wewe na mimi na cherehani?"

"Mimi simo," inasema cherehani.

"Sigusi kitu, mama," anasema yule mtu.

"Ah! Umeniita mama!"

"Ni jina la nje."

Hapo ndipo hofu iliponishika. Mtu mkali utambembeleza, mtu wa tamaa utampa chai. Huyu hakuwa mkali wala hakuwa na tamaa. Hakunichukia, hakunipenda, na alikuwa na muda wote wa dunia.

"Sasa mzima," anasema. Ananirudishia kichwa, kinakaa upande kidogo, na nikitazama mbele naona kushoto.

Sakafu imekuwa mikeka. Tuko kwenye nikaha ya Zamda, ua wa msikiti, jua limesimama, pilau imeshapakuliwa. Wageni wamekaa mstari kwa mstari, kumi na sita kila mstari, na ubavuni mwa kila mkeka kuna kibao cha anwani. Wanajihesabu kwa sauti kama wanafunzi asubuhi. Saba. Nane. Tisa. A.

"Wewe ni wa kumi," namwambia yule wa A, mzee wa watu mwenye ndevu za hina.

"Mimi ni A, mama. Kumi anakaa mkeka wa chini, yeye ndiye wa kwanza kule."

"Nilisoma shule, mzee. Baada ya tisa ni kumi."

"Ulisoma ya nje," anasema, na anarudi kwenye sinia lake.

Yule mwenye macho ya X anapita katikati akisoma watu. Anayesomeka anapewa herufi aishike kifuani. Asiyesomeka anakuwa nukta. Anamfikia Bi Mwanne, shangazi yake Idrisa, mwanamke ambaye vitenge vyake vinafika harusini kabla yake.

"Hasomeki."

"Nani hasomeki? Mimi Mwanne? Muulize mtu yeyote mjini hapa kama mimi..." Na hakumaliza. Pale alipokuwa pana nukta nyeusi, duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Nukta inaendelea kula pilau. Punje zinakwenda pale zinapotea, na mara kwa mara inaomba kachumbari.

Hakuna aliyeshangaa. Na mimi nikaogopa kushangaa peke yangu, watu wakajua nina jambo.

Shehe anakohoa. "Walii wa binti ni nani?"

Shemeji Maulidi anasimama na kanzu yake mpya, mikunjo ya pasi bado ipo. "Mimi hapa, shehe. Maulidi, kaka wa mar..."

Akawa nukta. Kanzu ikasimama peke yake kidogo, ikajikunja vizuri, ikajilaza mkekani.

"Nauliza mara ya pili," anasema shehe. "Mstari huu una nafasi ya mtu, na mtu hayupo. Naona 00 tu. Walii wa binti ni nani?"

Wageni wote wananigeukia. Wote macho yao ni X na X, karatasi nzima ya makosa. Nyuma ya pazia namsikia Zamda akiuliza: "Mbona kimya? Mama, kuna nini?" Nikataka kusema hakuna kitu mwanangu, maneno ninayoyajua zaidi duniani.

"Huyo walii yumo," anasema mtu wa X. "Yuko chini."

Akaanza kushuka. Nikamfuata, maana kichwa changu kilikuwa kinatazama kushoto, na ngazi zilikuwa kushoto.

Tunashuka mistari. Wageni wanakwisha, mikeka inakwisha, sasa tunakanyaga sifuri. Zimepangwa kama vikombe vitupu vya kahawa vilivyotazama juu, huku na huku, mpaka jicho linapochoka. Kila nikikanyaga kimoja kinatoa sauti ya mtu anayetaka kusema halafu anaacha.

"Hizi ni nini?"

"Siku ulizonyamaza."

"Zote hizi?"

"Sijui kuongeza. Zikifuatana tupu namna hii tunaziweka nyota moja, tusipoteze karatasi." Anazoa mistari yote kwa mkono, kama mtu anavyozoa makapi, anaifinya, ananiwekea kitu kiganjani. Nyota ndogo. Nilijikaza nikidhani itaniangusha. Ilikuwa nyepesi kama puleki moja ya kupambia gauni. Miaka ishirini na moja. Heri ingekuwa nzito.

Ninapoinua macho tuko stesheni, jukwaani. Treni ya Mpanda imesimama, mabehewa kumi na sita, na pale penye jina la stesheni wameandika 00002a40. Behewa moja lina mlango wa mbao uliopigwa randa vizuri sana, kazi ya Sufiani, ningeitambua hata gizani. Juu yake pameandikwa HAPA PASISOMWE. Kwenye kigoda kando ya mlango amekaa Pili wa steshenari, anakula karanga.

"Pili! Si nilikwambia ufute?"

"Nilibonyeza, mama. Kubonyeza ndiyo kazi yangu. Kwamba yanakwenda wapi hukuniuliza."

"Na wewe hukusema!"

"Ningesema nini? Wateja wote wanaambiwa yamefutika wanashukuru. Karanga?"

Nikachukua karanga mbili, sijui kwa nini. Nikasukuma mlango.

Ndani amekaa Chausiku. Ana umri ule ule aliofia, mdogo kuliko Zamda wa leo, na cherehani yake mbele, ile yenye gurudumu bovu. Anafumua nguo ya mtoto. Anafumua mshono, unajishona, anaufumua tena.

"Mwasiti, siku hizi hodi huna?"

"Hodi, shoga yangu."

"Karibu. Kiti sina. Wamenipa mstari mmoja tu, na wenyewe umejaa jina la mume wangu." Anang'ata uzi. "Mara ya kwanza alinifuta Mungu, sikulalamika, ndiyo kazi yake. Mara ya pili umenifuta wewe, na sijasikia kama alikutuma."

"Niliogopa, Chausiku. Niliogopa akijua ataniacha."

"Aende kwa nani? Mimi si ndiyo hivi unavyoniona?"

Nikatazama ile nguo ya mtoto. Nilikuwa nimeishona mimi, ya siku saba, nikakosea kwapa, yeye akafumua nikashona tena. Matundu ya sindano yalikuwa bado yapo, mstari wa matundu madogo kando ya mshono mzuri. Fundi anaweza kukufumulia nguo ukadhani haijawahi kushonwa. Iinue kwenye mwanga.

"Kesho mnamwozesha kwa jina la nani?" anauliza Chausiku.

Juu pakanguruma. Nikadhani ni mvua, nikatoka jukwaani. Mbingu imekuwa kioo cheusi, na kutoka juu kinashuka kidole. Kidole kirefu kama nguzo ya umeme, chenye hina mpya, maua mpaka kwenye pingili ya pili. Nakijua. Nimekikata kucha tangu kikiwa kama punje ya mahindi. Kinapita juu ya mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kinashuka mmoja, kinarudi kushoto. Na sauti inasoma pamoja nacho, sauti ya Zamda anapojisomea mitihani, chini chini.

"2 9 f 0," inasema.

"Anasoma," anasema mtu wa X. "Ndiye aliyeniita."

"Mzuie!"

"Mimi sizuii, mama. Mimi ndiyo macho anayotumia."

Nikarudi mbio kwenye mlango, nikatoa sindano kifuani, nikaanza kuushona mlango na fremu yake, mkono wa haraka, mishono ya mtu anayeshonea mgonjwa shuka. Pili akaniangalia. "Unashona juu, mama," akasema. Kweli. Nilipovuta uzi, maandishi yalikuwa juu ya uzi: S, U, F, I, A, N, I. Nikashona tena. Yakapanda tena.

"2 a 0 0. 2 a 1 0."

Nikavua kanga, nikaitandika juu ya mstari. Kanga ilikuwa na jina lake, methali na yote, nayo ikaanza kusomeka pia. 

"2 a 2 0."

"Chausiku, nisaidie!"

"Nikusaidie nini, kunificha?"

"2 a 3 0."

Sikuwa na kitu kingine. Nikajilaza mwenyewe juu ya mstari, kifudifudi, mikono nimeitanua, kichwa changu cha upande kikitazama kushoto anwani ilipoandikwa, 00002a40, herufi kubwa kama za mabango. Nikazisikia zile herufi zina joto chini ya tumbo langu, kama mtoto aliyefunikwa.

Kidole kikafika. Kikasimama juu ya mgongo wangu. Hakikunibonyeza. Kilinigusa tu, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia kwenye foleni.

"Mama," sauti ikasema, "sogea kidogo. Unaziba."

Nikafungua mdomo nimwambie. Sasa hivi, palepale, nimwambie. Nikasukuma maneno kwa nguvu zangu zote, na kilichotoka mdomoni, kikaanguka jukwaani, kikabingirika mpaka kwenye miguu ya yule mtu asiye na viatu, ni nukta.

"Hasomeki," akasema, akainua futi yake.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshafika kitandani. Zamda hayupo, aliondoka mapema kwenda kwa somo wake, mwanamke anayemfunda, kusingwa mwili kwa liwa, atarudi adhuhuri. Aliniachia chai kwenye chupa. Nikajiambia ni ndoto, Mwasiti, ni yale maharage. Nikajipapasa shingo, kichwa kiko sawa, kinatazama mbele.

Bado miguu ilinipeleka kwenye kopo la bobini. Flashi ipo. Ila ilikuwa juu, na bobini ya uzi mweupe ilikuwa chini yake.

Nikajiambia huenda nilikosea mimi. Nikainua vazi la nikaha nilimalizie pindo, na chini yake, juu ya meza ya cherehani, nikakuta daftari la Zamda limefunguliwa. Ukurasa una tarehe ya Jumatatu. Si ya jana. Ya Jumatatu. Kuna mistari ya kazi za chuo nisizozijua, halafu katikati, peke yake, kwa kalamu ya wino, kuna namba imepigiwa mistari miwili chini:

00002a40

Namba hiyo sijawahi kuiona popote isipokuwa mahali nilipolala kifudifudi.

Chini yake alikuwa ameandika kitu kwa penseli akakifuta. Vumbi la raba bado lilikuwa kwenye mkunjo wa daftari. Basi nikafanya ninavyofanya na nguo iliyofumuliwa: nikalipeleka daftari dirishani, nikalilaza kidogo mwanga upite juu yake, na mfereji wa penseli ukajitokeza, herufi moja moja.

Nimejua. Nisimuulize. Nimngoje mama aseme mwenyewe, mpaka Alhamisi.

Kumbe Jumatatu alikwishaisoma ile flashi, akajua. Jumanne alinisuka nywele, akaniuliza kama kichwa kinaniuma, nikasema hakuna kitu. Jana aliniita nione zoezi, akanifunulia kadi, akanieleza yanayofutwa yanavyobaki, akaomba ile barua kama aliyekuwa hajaiona. Alinifungulia mlango wote, akausimamia. Na mimi nikamwambia kesho.

Leo ni Alhamisi.

Mzazi mwenzangu, nimeandika mpaka hapa ili usipate kisingizio cha kutojua. Simu iko hapa kando ya mkasi, na lile jina la "Fundi Makabati" nimeshalibadilisha, nimeandika Sufiani Katambo, baba yake Zamda, kwa urefu wake wote. Atapigiwa na mwenye haki ya kumpigia, akitaka.

Mlango wa uani umelia. Nasikia harufu ya liwa. Anavua viatu.

"Mama? Uko wapi?"

Naweka kalamu chini nimjibu.